Henry Wood Elliott: Jamaa Alihesabu Sili Akakosea, Kisha Akapigana Miaka 20 Kuwaokoa

Kama umekulia Nairobi, Nakuru ama hata Mombasa, huenda sili umemwona tu kwa TV. Ni yule mnyama wa bahari mwenye kichwa kama cha mbwa, mwili mnene kama gunia, na mapezi badala ya miguu. Hapa kwetu hayuko, anapenda bahari baridi. Lakini stori ya venye sili fulani alikaribia kuisha duniani, na venye msee mmoja mbishi alikataa kunyamaza, inafaa iskizwe hadi na mtu wa Likoni.

Huyo msee anaitwa Henry Wood Elliott. Alizaliwa 1846, akafariki 1930. Huko Alaska na kwa wasomi wa wanyamapori jina lake ni kubwa, juu mkataba wa kwanza wa mataifa wa kulinda wanyama wa baharini ulitoka kwa kichwa chake na kelele zake. Kenye kinafanya stori yake iwe noma ni hiki: yeye mwenyewe ndiye aliandika hesabu iliyofanya serikali iamini hao sili hawawezi kuisha.

Kijana wa Cleveland na penseli yake

Elliott alizaliwa Cleveland, jimbo la Ohio, Marekani. Babake alikuwa mtu wa miti ya matunda, mtaalamu kabisa. Kijana mwenyewe akatokea kuwa na mkono wa kuchora. Bado akiwa mdogo aliingia Washington, akapata kazi Smithsonian, ile taasisi kubwa ya sayansi na makumbusho. Alikuwa karani wa bosi wa pale, mwanasayansi Joseph Henry. Kwa kijana wa enzi hizo, hiyo ilikuwa kama kupewa funguo za maktaba na darubini kwa siku moja.

Lakini ofisi haikumtosha. Miaka ya 1860 kampuni moja ya simu za waya ilitaka kupitisha waya kutoka Marekani, kupitia Kanada na Alaska, hadi Urusi. Elliott akajiunga na msafara. Mradi ulikufa 1867, juu waya mwingine ulikuwa umeshapita chini ya bahari ya Atlantiki mwaka mmoja kabla. Yeye hakuvunjika moyo. Kati ya 1869 na 1871 alikuwa mchoraji wa misafara ya serikali iliyokuwa inapima ardhi ya magharibi mwa Marekani, chini ya Ferdinand Hayden. 1871 walifika Yellowstone, na mwaka uliofuata eneo hilo likafanywa mbuga ya taifa. Kwa hivyo kabla hata afikishe miaka 26, jamaa alikuwa ameona mahali pakiokolewa kwa sababu watu walienda, wakachora, wakarudi na ripoti.

Visiwa vya doh

Sasa turudi nyuma kidogo. 1867 Marekani ilinunua Alaska kutoka Urusi kwa dola milioni 7.2. Watu wengi walicheka, wakiona serikali imenunua barafu. Lakini katikati ya Bahari ya Bering kuna visiwa vidogo vinaitwa Pribilof. Vikubwa ni viwili, St. Paul na St. George. Kila msimu wa joto, sili wenye manyoya walikuja hapo kwa makundi makubwa sana kuzaa. Warusi walivifikia visiwa hivyo miaka ya 1780, wakawaleta watu wa jamii ya Unangan kutoka visiwa vya Aleuti kwa nguvu, wawe wafanyakazi wa kuua na kuchuna.

Mbona sili? Ni hayo manyoya. Yalikuwa mazito na laini, na mabibi wa matajiri wa Ulaya na Marekani walikuwa wanayataka vibaya sana. Ngozi zilitiwa chumvi visiwani, zikasafirishwa hadi London, zikatiwa rangi na kupigwa mnada, kisha zikageuka kuwa makoti ya bei ya juu.

1870 serikali ya Marekani ilikodisha visiwa hivyo kwa Alaska Commercial Company kwa miaka 20. Kampuni iliruhusiwa kuchukua hadi ngozi 100,000 kila mwaka, na serikali ikapata kodi yake kwa kila ngozi. Hesabu ya wadosi ilikuwa rahisi: Alaska ijilipe yenyewe. Na kweli, katika ile miaka 20 sehemu kubwa ya ile pesa ya kununua Alaska ilirudi kupitia mgongo wa sili.

1872 Wizara ya Fedha ikamtuma Elliott huko awe macho yake. Mwaka huohuo akaoa. Mke wake, Alexandra Milovidov, alitoka kwa familia iliyobaki visiwani tangu enzi za Warusi. Kwa hivyo Pribilof kwa Elliott ilikuwa pia kwao na bibi.

Hesabu ya milioni 4.7

Hapo ndipo alifanya kazi yenye ilimpa jina. Siku baada ya siku alikaa juu ya miamba akichora rangi za maji: madume wakipigana, majike wakinyonyesha, wafanyakazi wa Unangan wakiwafukuza sili kuelekea uwanja wa kuchinjia. Mpaka leo hizo picha ni kati ya ushahidi bora tulio nao wa venye maisha yalikuwa huko.

Alielewa pia venye sili hao huishi. Dume mkubwa anaweza kupita kilo 200, na anashika kipande chake cha ufuo na majike wengi. Jike ni mdogo, kama kilo 40 hivi. Vijana wa kiume, tuseme makapera, hawana nafasi kwa hao mabuda, kwa hivyo wanakaa kando na mbogi yao. Kampuni ilikuwa inaua hao makapera. Hoja ilikuwa kwamba dume mmoja anatosha majike wengi, so makapera wa ziada wakichukuliwa, kizazi hakitakatika.

Kisha akajaribu kuwahesabu. Huwezi kuhesabu sili mmoja mmoja kwa ufuo uliojaa hivyo. Elliott alipima eneo la fuo, akakadiria nafasi yenye sili mmoja anachukua, akagawanya. Akapata sili takriban milioni 4.7 kwa visiwa vyote viwili. Akaandika kwamba kuchukua 100,000 kwa mwaka hakuwezi kuwadhuru.

Hiyo namba ilisambaa kila mahali. Ikaingia kwa ripoti za serikali, kwa vitabu, kwa magazeti. Wanasayansi wa baadaye waliikagua wakaona ilikuwa kubwa kupita kiasi. Lakini wakati huo nani angebisha? Jamaa alikuwa ameenda, amekaa, amechora. Kampuni ikafurahi, serikali ikafurahi, wanunuzi wa makoti wakafurahi.

1890: anarudi, anapata ufuo mtupu

Miaka ikapita. 1890 ule mkataba wa kukodi ulikuwa unaisha, na kampuni nyingine, North American Commercial Company, ikachukua nafasi. Serikali ikamtuma Elliott tena visiwani aangalie hali ya mifugo yake, kama ni sawa kusema hivyo.

Akabeba ramani zake za miaka ya 1870, akasimama kwa mawe yaleyale, akachora upya mahali sili walikuwa. Tofauti ilikuwa ya kutisha. Fuo zilizokuwa zimefunikwa na wanyama zilikuwa na nafasi wazi. Makapera, ambao zamani walikuwa wamejaa, walikuwa wameisha hadi wafanyakazi walilazimika kuwasaka kila kona ndio wapate idadi yao. Hesabu yake mpya haikufika hata milioni moja.

Hapo mtu angekuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kufunika: unasema hali ya hewa ilikuwa mbaya, sili watarudi mwakani, unalinda jina lako. Ya pili ni kukubali kwamba lile jambo uliloambia serikali halisimami tena. Elliott alichagua ya pili, na aliandika bila kupaka mtu mafuta. Alisema kuna maovu mawili. Moja ni venye kampuni ilikuwa inawafukuza sili mbali, tena na tena, ikiwachosha na kuwaua kupita kiasi. La pili ni kitu kilichokuwa kinatokea baharini.

Risasi moja, vifo vitatu

Hili la baharini ndilo lilikuwa ngori kabisa. Tangu miaka ya 1880, meli ndogo za matanga, nyingi kutoka Victoria huko Kanada na nyingine za Marekani kwenyewe, zilikuwa zinawavizia sili kwa maji wakiwa njiani ama wakiwa wametoka kutafuta chakula. Nchi kavu unaweza kuchagua kapera ukamwacha jike. Kwa maji huchagui. Unapiga kichwa chenye umekiona.

Na wenye walikuwa wanaonekana sana kwa maji ni majike. Mama sili akizaa, anakaa na mtoi siku chache, kisha anaingia baharini kula, wakati mwingine siku nyingi, halafu anarudi kunyonyesha. Anamnyonyesha mtoto wake pekee. Watoi wengine wakimkaribia anawafukuza. Na muda mfupi baada ya kuzaa anapata mimba nyingine. Kwa hivyo ukimpiga risasi mama mmoja baharini, umeua watatu: yeye, mimba yake, na yule mtoi anayemngoja kwa mawe hadi njaa immalize. Juu ya hayo, sili wengi waliopigwa walizama kabla mwindaji hajawafikia, kwa hivyo walikufa bure hata kwa muuaji.

1894 pekee, ngozi zaidi ya 60,000 zilipatikana kwa uwindaji huo wa baharini. Hapo hujahesabu waliozama wala watoi waliobaki ufuoni.

Marekani ilikuwa imejaribu mabavu. 1886 meli yake ya doria, Corwin, ilikamata meli tatu za Kanada mbali na pwani. Uingereza, yenye ilikuwa inaisimamia Kanada kwa mambo ya nje, ikawaka. Bahari kuu ni ya kila mtu, mnatukamata kwa sheria gani? Kesi ikaenda mbele ya wasuluhishi Paris, na 1893 Marekani ikapoteza. Ikaambiwa sili akiwa baharini si mali yake, na baadaye ikalipa fidia ya zaidi ya dola 470,000. Wasuluhishi waliweka masharti kadhaa: hakuna kuwinda ndani ya maili 60 za visiwa, wala kuanzia Mei hadi mwisho wa Julai. Lakini ukishavuka hizo maili 60, mama sili anayetafuta chakula ako tu hapo, akingoja risasi.

Ripoti ya Elliott nayo? Serikali iliiweka kabatini kwa miaka. Kumbuka hoja ya Marekani ilikuwa kwamba wabaya ni Wakanada. Ripoti yenye inasema hata kampuni ya nyumbani ina damu mikononi haikuwa ya kupendeza. Jamaa akapoteza nafasi yake Washington, akabaki mtu wa nje, akiwa Ohio, akiandika barua.

Mtu wa barua

Kwa karibu miaka 20, hiyo ndiyo ilikuwa silaha yake. Barua kwa wabunge, barua kwa mawaziri, barua kwa magazeti. Na hakuwa mpole. Aliwaita watu majina na kuwashuku wengi kuwa wamenunuliwa, hadi marafiki wakachoka.

Alikuwa na mpinzani wa uzito wake: David Starr Jordan, rais wa Chuo Kikuu cha Stanford na mtaalamu wa samaki, aliyeongoza uchunguzi wa serikali wa 1896 na 1897. Jordan alisema hesabu za Elliott za zamani hazina msingi, na kwamba kuua makapera nchi kavu hakuna shida. Shida ni uwindaji wa baharini. Tuwe wakweli, kwa hilo wanasayansi wengi wa baadaye waliona Jordan alikuwa karibu zaidi na ukweli. Elliott alikosea namba za mwanzo, na huenda alitia chumvi kuhusu nchi kavu. Lakini Elliott ndiye alikaa na swali lenye wengine walikuwa wanaliacha likae: sawa, bahari si ya mtu, sasa tutawaambiaje watu wa mataifa manne waweke bunduki chini?

Jibu lake lilikuwa la akili ya soko. Usimwambie Mkanada na Mjapani waache kuwinda kwa huruma tu. Wape hisa. Wakubali kuacha kuwinda baharini, na kila mwaka wapate sehemu ya ngozi zinazochukuliwa kwa mpango nchi kavu. Ghafla sili aliye hai ufuoni anakuwa na faida kwa kila mtu kuliko sili aliyezama.

1905 alimpata Waziri wa Mambo ya Nje, John Hay, akakubali. Wakaanza kuandika rasimu pamoja. Halafu Julai mwaka huo Hay akaaga dunia, na rasimu ikazikwa kimyakimya naye.

Wakati huohuo mambo huko Bering yalizidi kuharibika. Meli za Japani hazikuwa zimefungwa na masharti ya Paris, kwa hivyo zilikuja karibu kabisa na visiwa. Julai 1906 wawindaji wa Kijapani walishuka St. Paul kwenyewe kuiba sili. Walinzi wakafyatua risasi, watu watano wakafa, wengine wakakamatwa. Sasa vita vya ngozi vilikuwa vinaua binadamu.

Mshirika mwenye doa

Elliott akapata mwenzake: William Temple Hornaday, bosi wa bustani ya wanyama ya Bronx, New York, jamaa aliyejulikana kwa kupigania nyati wa Marekani. Alikuwa na mtandao, na alijua kufanya kelele kwa magazeti.

Lakini hapa lazima Mwafrika asimame kidogo. Ni Hornaday huyohuyo, Septemba 1906, aliyeruhusu kijana wa Kongo, Ota Benga, aonyeshwe kwa watu kwenye nyumba ya nyani ya bustani yake. Wachungaji weusi wa New York walipiga kelele hadi akatolewa. Miaka kumi baadaye Ota Benga alijiua, mbali na kwao. Msee anaweza kulilia sili na asimwone binadamu aliye mbele yake. Hata kule Pribilof, mijadala ya Washington ilikuwa ya ngozi na ya wanyama, na mara chache ya watu wa Unangan waliofanya kazi yenyewe, waliolipwa kwa bidhaa badala ya mshahara wa kawaida na kutawaliwa na maafisa kwa miongo mingi. Ukisoma historia ya kuokoa wanyama, tafuta pia nani alikuwa anabeba kirungu na kwa amri ya nani.

Julai 7, 1911

Elliott na Hornaday walipiga hodi kwa Bunge hadi mlango ukafunguka. 1910 mkataba wa kampuni ulipoisha, haukuandikwa upya, serikali ikachukua kazi mikononi mwake. Mwaka uliofuata mataifa manne yakakaa Washington: Marekani, Uingereza kwa niaba ya Kanada, Japani na Urusi. Tarehe 7 Julai 1911 wakatia sahihi.

Mkataba ulipiga marufuku kuwinda sili baharini kwenye Pasifiki ya kaskazini. Kanada na Japani wangepata kila mmoja asilimia 15 ya ngozi za visiwa vya Marekani. Fisi-maji wa baharini, ambao nao walikuwa wamewindwa hadi karibu na kuisha, wakalindwa pia. Wenyeji wa pwani wakaachiwa njia yao ya kale, mitumbwi na mikuki bila bunduki. Ule mpango wa hisa, wenye Elliott na Hay walikuwa wameanza 1905, ndio ukawa mfupa wa kila kitu.

Wengine wangefungua chupa wapumzike. Elliott akaendelea. Alitaka hata nchi kavu sili wapewe mapumziko, na 1912 Bunge likapitisha sheria ya kusimamisha mauaji ya biashara visiwani kwa miaka mitano, isipokuwa ya chakula cha wenyeji.

Na sili wakarudi. Polepole, mwaka baada ya mwaka. Kufikia miaka ya 1950 kundi la Pribilof lilikuwa limepita milioni moja na nusu. Elliott hakuyaona hayo yote, alifariki Seattle 1930 akiwa na miaka 83. Lakini alikufa akijua mstari umegeuka, unapanda.

Stori haijaisha

Mkataba wenyewe ulikatika 1941 Japani ilipojitoa, ukafufuliwa kwa sura mpya 1957, ukaisha 1984. Uwindaji wa biashara St. Paul ulifungwa miaka hiyohiyo. Leo watu wa Unangan bado wanachukua sili wachache kwa chakula, na hiyo haitishii mtu.

Basi ungetarajia sili wamejaa. Hapana. 1988 Marekani iliwaweka rasmi kwenye orodha ya waliopungua, na tangu mwisho wa miaka ya 1990 watoi wanaozaliwa St. Paul wamekuwa wakishuka. Safari hii hakuna meli ya bunduki. Bahari yenyewe inabadilika. 2018 barafu ya Bahari ya Bering ilishuka kuliko miaka yote iliyopimwa. Baada ya joto hilo, kaa wa theluji zaidi ya bilioni 10 walitoweka, na 2022 msimu wa kuwavua ukafungwa kwa mara ya kwanza. Samaki wadogo wenye sili mama wanategemea wanahama na kubadilika na joto, na bahari hiyohiyo ina moja ya biashara kubwa zaidi za uvuvi duniani, inayovua pollock, chakula kikuu cha hao sili. Mama akienda mbali zaidi kutafuta chakula, mtoi anangoja zaidi. Ni ule mnyororo wa risasi moja vifo vitatu, ila sasa hakuna risasi, ni njaa.

Wanasayansi bado wanabishana ni sababu gani inauma zaidi. Hapo ndipo somo la Elliott linaingia. Mkataba wa 1911 uliweza kufaulu juu adui alikuwa na meli, bendera na jina. Joto halina bendera moja. Linatoka kwa mitambo na magari ya kila nchi. Kinachohitajika ni kilekile: wote wakae mezani, kila mmoja aone faida ya kuacha na hasara ya kuendelea. Kwa sili wa Bering ilichukua zaidi ya miaka 20 na waziri mmoja akafa kabla kazi iishe. Kwa hali ya hewa muda huo hatuna.

Na isionekane ni mambo ya Wazungu na barafu yao. Kwenye bahari hiyohiyo ya Bering kulikuwa na mnyama mkubwa mpole, ng'ombe-bahari wa Steller. Wasafiri walimgundua 1741, na kufikia 1768 alikuwa ameliwa hadi wa mwisho. Miaka 27 tu. Ndugu yake wa karibu zaidi aliye hai anaitwa nguva, na nguva ni wa kwetu. Zamani wavuvi wa Lamu na Kiunga walimjua vizuri. Leo amebaki mchache sana, anaumizwa na nyavu na uharibifu wa nyasi za baharini zenye anakula. Upande mwingine, ukienda Watamu kati ya Julai na Septemba, utaona nyangumi wakipita na watoi wao kutoka bahari ya kusini. Hao waliokolewa na makubaliano ya mataifa ya kuacha kuwawinda kibiashara. Mkataba wa sili ndio ulitangulia kuonyesha kwamba jambo kama hilo linawezekana.

Kwa hivyo mkumbuke Elliott kwa kitu kimoja. Alipewa nafasi ya kurudi kuangalia kazi yake mwenyewe, akaona namba zake zimedanganya watu, na badala ya kulinda jina lake alilinda wanyama. Ilimgharimu kazi, marafiki na amani. Sasa swali kwako msomaji: ni nani huku kwetu anahesabu nguva, na akirudi na habari mbaya, tutamskiza ama tutaiweka ripoti yake kabatini?